Wine, Proton, Bottles, Lutris au CrossOver: Kipi Kikufae kwa Gemu za Windows Kwenye Linux?

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, watu wengi wenye laptopu za mtumba wamejikuta njia panda. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi, ilhali mashine nyingi zinazouzwa kwa bei ya kawaida Kariakoo au Luthuli Avenue ni za vizazi vya nyuma ya hapo. Anayehamia Linux hachelewi kuona kwamba intaneti, kazi za ofisi na filamu havimsumbui. Kinachomsumbua ni gemu, kwa kuwa nyingi alizozizoea ziliandikwa kwa ajili ya Windows tu.

Nyingi kati ya hizo huchezeka, ila kwa kupitia programu ya upatanifu, yaani ile inayoiwezesha Linux kuendesha programu za Windows, na hapo ndipo mgeni anapopotea kwa wingi wa majina: Wine, Proton, GE-Proton, Lutris, Bottles, Heroic, CrossOver. Nimevitumia vyombo hivi kwenye laptopu mbili, ThinkPad X240 yenye prosesa ya kizazi cha 4 na ThinkPad T460 yenye ya kizazi cha 6, na tofauti ya mashine hizo mbili imenifunza zaidi kuliko tofauti ya vyombo vyenyewe. Rai yangu ni kwamba usianze kwa kuuliza kipi kina nguvu kuliko kingine, maana ndani yake vyote ni kitu kimoja. Anza kwa kuuliza gemu yako umeipata wapi, na kadi yako ya picha ni ya kizazi gani.

Chanzo cha vyote ni Wine, mradi ulioanza mwaka 1993 na ambao Alexandre Julliard ameuongoza tangu 1994. Toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2008, baada ya miaka 15 ya kazi. Wine haijifanyi kompyuta nyingine ndani ya kompyuta yako. Gemu inapoiomba Windows ifungue faili, itoe sauti au isome kibodi, Wine hulipokea ombi hilo na kulitimiza kwa njia za Linux, na kwa kuwa prosesa ni ileile, hesabu za gemu hufanyika moja kwa moja bila kutafsiriwa. Kazi ngumu iko kwenye picha. Gemu za Windows huchora kwa Direct3D, ambayo Linux haina, kwa hiyo Wine kwa miaka mingi iligeuza Direct3D kuwa OpenGL, njia ya kuchora ambayo Linux inayo, kupitia sehemu yake iitwayo WineD3D, na gemu nzito zilikuwa zikikwama humo. Mambo yaligeuka pale Philip Rebohle alipoandika DXVK, inayogeuza Direct3D kuwa Vulkan, njia mpya zaidi ya kuchora, kwa kasi kubwa zaidi. Leo DXVK inashughulikia Direct3D 8 hadi 11, na nyingine iitwayo VKD3D-Proton inashughulikia Direct3D 12. Mwezi Agosti 2018 Valve ilichukua Wine na DXVK, ikashirikiana na kampuni ya CodeWeavers, ikavifunga pamoja ndani ya Steam, duka lake la gemu, kwa jina la Proton, ikianza na gemu 27 tu zilizokwisha kupimwa. Lutris, Bottles na Heroic hazitafsiri chochote. Zenyewe hupanga, hupakua na kuwasha Wine au Proton kwa niaba yako. Ni kama daladala za injini moja zilizofungwa bodi tofauti, na abiria hugombania bodi.

Ukuta ambao hakuna chombo kinachouvuka

Kabla ya kulinganisha, angalia kwanza kama gemu unayoitaka ina programu ya kuzuia udanganyifu inayokaa ndani kabisa ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, ya Windows. Valorant haichezeki kwenye Linux, na League of Legends, ambayo ilikuwa ikichezeka vizuri, ilifungika mwaka 2024 ilipowekewa kizuizi kiitwacho Vanguard. Fortnite nayo haifunguki. Matoleo ya karibuni ya EA Sports FC, ambayo najua ndiyo yanayoulizwa zaidi kuliko mengine yote, yamo katika kundi hilohilo kwa sababu ya kizuizi cha EA chenyewe. Apex Legends iliwafungia watumiaji wa Linux mwishoni mwa Oktoba 2024, na mwezi mmoja kabla yake GTA Online iliwekewa kizuizi cha BattlEye kwa namna isiyoikubali Linux, ingawa hadithi ya GTA V ya kucheza peke yako inaendelea kufanya kazi.

Jambo la kuudhi ni kwamba vizuizi viwili vinavyotumika sana, Easy Anti-Cheat na BattlEye, vina uwezo wa kufanya kazi na Proton tangu mwaka 2021, ila ni lazima mtengenezaji wa gemu akubali kuuwasha, na baadhi yao hawataki. Kwa hiyo anayekuambia kuwa toleo fulani la Proton linafungua Valorant anakupotezea bando, na ukijaribu kuvikwepa vizuizi hivyo kwa ujanja unaweza kufungiwa akaunti. Kama maisha yako ya gemu ni FC ya mtandaoni na marafiki, bakiza Windows kwenye sehemu moja ya diski na uache kusoma hapa.

Proton, kwa mwenye gemu za Steam

Kwa gemu uliyoinunua Steam, sioni sababu ya kutafuta kingine. Unasakinisha Steam ya Linux, unabofya gemu kama ulivyozoea, na Steam yenyewe inapakua Proton na mazingira inayoyahitaji. Ukitaka toleo jingine la Proton kwa gemu moja tu, unabofya jina la gemu kwa kitufe cha kulia, unafungua sifa zake, na katika ukurasa ulioandikwa Compatibility unachagua toleo. Uhuru huu wa kuchagua toleo kwa kila gemu ni mkubwa kuliko unavyoonekana, kwa sababu mara nyingi gemu inayogoma kwenye toleo jipya hufunguka kwenye la zamani, au kinyume chake, na gemu nyingine zote hazisikii chochote. Kila gemu ina folda yake ndani ya steamapps/compatdata, iliyopewa jina la namba ya gemu hiyo, na ndani yake kuna diski ya C ya kubuni yenye kila kitu ambacho gemu inadhani ni Windows.

Faida nyingine ya Proton ni kwamba unaweza kujua mapema. Tovuti ya ProtonDB hukusanya taarifa za wachezaji na kuzipanga kwa madaraja ya dhahabu, fedha, shaba na mengineyo, na Valve nayo hupima gemu kwa ajili ya Steam Deck, mashine yake ya mkononi iliyotoka Februari 2022 na inayotumia Linux. Mimi hutazama ProtonDB kwa jicho moja, kwani daraja la dhahabu lililotolewa na mtu mwenye kadi ya dola 500 halinihusu. Ninachotafuta ni maelezo ya mtu mwenye kadi ya Intel kama yangu, hata akiwa mmoja.

Gharama ya Proton iko kwenye bando na diski. Kabla hujapakua gemu yenyewe, Steam, Proton na mazingira yake hupita gigabaiti moja bila kujitahidi. Tena Steam hupakua shaderi, programu ndogo zinazoiambia kadi jinsi ya kuchora, zilizokwisha kutayarishwa kwa kila gemu na kuziongeza kila zinapobadilika, jambo linaloweza kumshangaza mtu anayetumia intaneti ya simu. Huduma hiyo inazimika kwenye mipangilio ya upakuaji, ila ukiizima baadhi ya gemu zitashikashika katika dakika za mwanzo, kila kitu kipya kinapotokea kwenye skrini. Nyumbani kwangu nimeizima na ninavumilia.

Kuna hitilafu moja ambayo ukiikuta usidhani mashine imeharibika: gemu inafunguka, lakini mahali pa filamu ya utangulizi inatokea milia ya rangi kama ile ya televisheni ya zamani kabla ya matangazo kuanza. Maana yake ni kwamba filamu hiyo iko katika muundo ambao Proton ya kawaida hairuhusiwi kubeba kifunguzi chake kwa sababu za hataza, na Steam bado haijatayarisha nakala mbadala. Hapo ndipo GE-Proton inapofaa. Hilo ni toleo linalotengenezwa na Thomas Crider, likiwa na vifunguzi vya video na marekebisho ambayo bado hayajaingia kwenye Proton rasmi. Silitumii kwa kila gemu, kwa kuwa linabadilika haraka na ukubwa wake si mdogo, lakini kwa gemu zenye filamu nyingi ndilo la kwanza kujaribu.

Pale mashine kongwe inapopindua mpangilio

Hadi hapa ungedhani Proton imeshinda, na kwenye T460 yangu kweli imeshinda. Kwenye X240 mambo yalikuwa kinyume kabisa. Gemu niliyoiwasha kupitia Proton ilionyesha dirisha jeusi na kutoweka. Nilipoiwasha kutoka terminali, dirisha la kuandikia amri, nikaona mstari huu: "MESA-INTEL: warning: Haswell Vulkan support is incomplete". Haswell ndilo jina la kizazi cha 4 cha Intel, na ujumbe unasema waziwazi kwamba Vulkan ya kadi hiyo haijakamilika. Kizazi cha 3, Ivy Bridge, hupata onyo kama hilo. DXVK nayo, kuanzia toleo la 2.0 la Novemba 2022, inataka Vulkan 1.3. Proton mpya inatembea na DXVK mpya, kwa hiyo kwenye mashine ya namna hii chombo kinachosifiwa kuliko vyote ndicho kinachogoma kwanza.

Njia ya kujua mapema ni kuandika vulkaninfo --summary kwenye terminali na kutazama namba iliyo mbele ya apiVersion. Ikiwa ni 1.3 au zaidi, uko salama; kadi za Intel za kizazi cha 6 na cha 7, ambazo Windows 11 imezikataa, zinafika hapo bila shida, na ndiyo maana nikishauriwa na mfuko wangu kununua laptopu ya mtumba kwa ajili ya Linux na gemu nyepesi, sishuki chini ya kizazi cha 6. Kwa wenye kompyuta za mezani, jihadhari na kadi za GT 710 na nyingi za GT 730 ambazo bado zimejaa madukani: ni za familia ya Kepler, na draiva ya Nvidia ya mwisho kuzihudumia ni ya mfululizo wa 470, ambayo haitoshi kwa DXVK mpya.

Mwenye kadi ya zamani ana njia tatu. Akiwa ndani ya Steam, anaweza kuandika PROTON_USE_WINED3D=1 %command% katika chaguo za kuwashia gemu, na Proton itaiacha Vulkan na kurudi kwenye OpenGL; gemu itafunguka, ingawa kwa kasi ndogo. Akiwa kwenye Bottles au Lutris, anaweza kuchagua DXVK 1.10.3, toleo la mwisho kabla ya 2.0, ambalo linaridhika na Vulkan 1.1, au kuizima DXVK kabisa. Njia ya tatu ni Wine tupu, ambayo haina DXVK isipokuwa umeiweka wewe, na hutumia OpenGL tangu mwanzo. PES 2013 na GTA San Andreas, ambazo ni gemu za Direct3D 9, hazihitaji zaidi ya hapo, na kwenye X240 yangu Wine tupu ndiyo iliyozifungua.

Wine tupu, Bottles na Lutris, kwa gemu za diski na flashi

Gemu nyingi huku kwetu hazijatoka Steam. Zimetoka kwenye DVD ya zamani au flashi ya rafiki. Kwa gemu hizo Steam inaweza kutumika, kwa kuziongeza kama gemu za nje na kuzilazimishia Proton, lakini folda inayotengenezwa hupewa namba ndefu isiyo na maana kwa binadamu, na ukiiondoa gemu kwenye orodha kisha ukairudisha, inaweza kupewa namba nyingine na kuanza upya kama haijawahi kuchezwa, huku maendeleo yako yamebaki kwenye folda ya kwanza. Sipendekezi njia hiyo isipokuwa kwa gemu moja au mbili.

Wine tupu inampendeza mtu asiyeiogopa terminali. Kila gemu naipa folda yake, kwa mfano WINEPREFIX=~/gemu/pes2013 wine setup.exe, na kuanzia hapo chochote kitakachoharibika kitaharibika ndani ya folda hiyo peke yake. Anayesahau kuandika WINEPREFIX anarundika kila kitu ndani ya ~/.wine, na siku marekebisho ya gemu moja yatakapoiangusha nyingine hatajua aanzie wapi. Gemu ikilalamika kwamba haioni faili fulani ya d3dx9, programu ndogo iitwayo winetricks huiweka faili hiyo kwa amri moja. Jambo la kuangalia ni toleo: Wine inayokuja na Debian au Ubuntu mara nyingi iko nyuma, na ukitaka ya karibuni unaongeza hazina ya WineHQ yenyewe.

Bottles inafanya kazi hiyohiyo kwa vitufe. Kila folda inaitwa chupa, unachagua kama ni chupa ya gemu au ya programu za kawaida, na ukurasa mmoja unakuonyesha toleo la Wine, toleo la DXVK na vitu vya ziada vya kuweka. Kwa asiyetaka terminali nampendekezea hii bila kusita, ikiwa ana bando, kwa kuwa inasambazwa rasmi kama Flatpak, aina ya kifurushi cha programu kinachofungiwa ndani ya uzio, na hupakua mazingira yake yenye mamia ya megabaiti. Flatpak hiyo pia ndiyo huleta swali la kwanza la kila mgeni: "Mbona Bottles haioni flashi yangu?" Haioni kwa sababu imefungiwa ndani ya uzio wake, na ni lazima uiruhusu, kwa programu ya Flatseal au kwa amri, au unakili gemu kwanza hadi ndani ya chupa.

Uzio huo una faida ambayo sharti nikae nayo kidogo, kwa sababu wanaohamia Linux wanaamini kwamba virusi vya Windows vimebaki nyuma. Wine huipa kila programu diski iitwayo Z, na diski hiyo ni mzizi wa mfumo wako wote wa Linux. Faili ya exe yenye virusi, na flashi zinazozunguka mitaani zinazo, inaweza kuwaka ndani ya Wine kama ilivyokuwa ikiwaka ndani ya Windows, na kupitia Z ikazisoma au kuzifuta faili zote ambazo wewe mwenyewe una ruhusa nazo: picha za familia, kazi za chuo, kila kitu. Haiwezi kugusa faili za mfumo kama hujaiwasha kwa sudo, amri inayotoa mamlaka ya msimamizi, jambo ambalo usilifanye kamwe, lakini hasara ya faili zako inatosha. Kwa gemu ambayo asili yake huijui vizuri, Bottles ndani ya uzio wake ni salama kuliko Wine tupu. Na ukiendelea na Wine tupu, fungua winecfg, dirisha la mipangilio ya Wine, na uiondoe Z kabla ya kuwasha chochote, ingawa hiyo si kinga kamili, kwa kuwa folda kama Documents hubaki imeunganishwa na yako halisi.

Lutris iko katikati. Ina nguvu kubwa ya kukusanya: gemu za Wine, za Linux asilia, za viigizi vya mashine za zamani, zote kwenye rafu moja. Ina pia maagizo ya usakinishaji yaliyoandikwa na watumiaji, ambayo hukuwekea gemu hatua kwa hatua. Maagizo hayo ndiyo raha yake na ndiyo karaha yake, kwa kuwa mengine yametunzwa vizuri na mengine yaliandikwa miaka mingi iliyopita yakaachwa. Nikiyatumia, husoma kwanza yameandikwa lini.

Kwa mwenye gemu za maduka ya Epic au GOG, jibu ni Heroic, na halihitaji maelezo mengi: unaingia kwa akaunti yako, unapakua, unachagua Wine au Proton, unacheza. Gemu za GOG zina nyongeza nzuri kwamba hazina kufuli, hivyo kisakinishi chake unaweza kukihifadhi na kukitumia hata bila intaneti, ndani ya Bottles au Wine.

CrossOver nimeitaja mwisho kwa sababu ndiyo pekee ya kulipia. Inatengenezwa na CodeWeavers ya Marekani, kampuni inayochangia sehemu kubwa ya kazi ya Wine, na unaweza kuijaribu siku 14 bila malipo. Nilimaliza siku hizo na sikununua. Kwa gemu kwenye Linux haikunipa kitu ambacho Proton au Bottles hazikunipa. Ningemshauri mtu ailipie kama anahitaji programu fulani ya ofisi ya Windows na anataka watu wa kuwauliza inapogoma, au kama anataka kuichangia Wine kwa njia ya kununua.

Diski na akiba ya mchezo

Wenye Windows na Linux kwenye mashine moja hupenda kuziacha gemu kwenye sehemu ya Windows, yenye mfumo wa NTFS, na kuzielekezea Steam huko ili wasipakue mara mbili. Nia ni njema, lakini Proton hutengeneza ndani ya folda zake viungo vyenye majina kama "c:", na nukta mbili hizo haziruhusiwi katika majina ya faili za Windows. Matokeo yake ni gemu zisizofunguka bila ujumbe wowote wa kosa, au Windows kuanza kulalamikia diski. Nakili folda ya gemu hadi kwenye sehemu ya Linux yenye mfumo wa ext4, kisha mwambie Steam aikague. Atapakua kilichopungua tu.

Vyombo hivi pia vinatofautiana mahali vinapoweka akiba ya mchezo. Proton huiweka ndani ya folda ya namba ya gemu, kwa mtumiaji wa kubuni aitwaye steamuser, ilhali Wine tupu huunganisha folda ya Documents ya Windows ya kubuni na Documents yako halisi ya Linux. Nilipohamisha ~/gemu/pes2013 kutoka X240 kwenda kwenye diski mpya, gemu ilifunguka vizuri, ila Master League yangu ya misimu minne haikuwemo. Ilikuwa imebaki kwenye diski ya zamani, ndani ya Documents, katika folda iitwayo KONAMI.